Akaunti feki imeiba wimbo wako: Sheria inamfikiaje mtu asiye na jina?

Wimbo umetoka leo saa 6 mchana. Kufika jioni upo kwenye chaneli ya Telegram yenye jina la kubuni, upo YouTube kwenye akaunti ambayo picha yake ni simba, na kesho asubuhi kuna kijana Kariakoo anauingiza kwenye flashi ya mteja pamoja na nyimbo nyingine mia tano.

Kijana wa flashi unaweza kumfuata. Ana meza, ana majirani, na mgambo anamjua. Mwenye akaunti ya simba utamfuata wapi?

Swali hilo linawahusu wasanii, waandaaji wa filamu, walimu wanaouza notsi na wapiga picha ambao kazi zao zinasambazwa na watu wasiojulikana. Linakuhusu na wewe unayetumia jina la kubuni mtandaoni bila kumuibia mtu yeyote, kwa sababu njia inayotumika kumfichua mwizi ni ileile inayoweza kukufichua wewe.

Kwa kifupi

- Anwani ya IP inaonyesha laini au ruta iliyotumika. Haionyeshi mtu aliyeshika simu.
- Kampuni ya simu haiwezi kukupa jina la mteja wake kwa sababu tu umeomba. Lazima kuwe na amri inayotambulika kisheria.
- Tanzania, njia inayojulikana zaidi ya kupata jina inapita polisi, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.
- Mara nyingi kuishusha kazi iliyoibiwa ni rahisi na haraka kuliko kumpata aliyeipandisha.

Zamani mwizi alikuwa na fremu

Enzi za kaseti na CD, vita ya hakimiliki Dar es Salaam ilikuwa na anuani: Kariakoo. Wasambazaji walikuwa pale, na waliokuwa wakirudufu kazi za watu walikuwa mitaa ileile. Ukitaka kukamata, unaenda na polisi, unabeba mzigo, unahesabu nakala.

Mwaka 2013 serikali ilianzisha stempu za kodi za TRA kwenye kazi za muziki na filamu. CD isiyo na stika ilijulikana kwa macho tu. Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kufuata utaratibu. Walijua pa kuandamana kwa sababu biashara ilikuwa na mtaa.

Leo faili halina stika. Linatoka kwenye chaneli, linaingia kwenye simu, linahamia kwenye flashi, na anayeliuza mtaani mara nyingi hamjui aliyelipandisha mwanzo. Ukimkamata wa mtaani, chaneli inaendelea kuposti.

Hata kesi kubwa zilizowahi kufanikiwa zilikuwa na mshtakiwa mwenye jina. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa AY na MwanaFA dhidi ya Tigo, kuhusu nyimbo zao kutumika kama miito ya simu bila ridhaa. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe Sh2.18 bilioni, na Tigo ikakata rufaa. Ubishi wote ulihusu haki na malipo. Hakuna aliyehangaika kuuliza mdaiwa ni nani, wala anapatikana wapi.

Anwani ya IP inasema nini hasa?

Kila kifaa kinachoingia intaneti kinatumia namba inayoitwa anwani ya IP. Mtandao unaotembelea unaiona namba hiyo na kwa kawaida unaiandika kwenye kumbukumbu zake, pamoja na tarehe na saa.

Kwa hiyo safari ya kumtafuta mtu huwa na hatua mbili:

1. Kwenda kwa mwenye mtandao. YouTube, Telegram au mwenye tovuti anaulizwa: akaunti hii ilifunguliwa kwa barua pepe gani, namba gani ya simu, na iliingia kwa anwani zipi za IP?
2. Kwenda kwa mtoa huduma ya intaneti. Kampuni ya simu au ya faiba inaulizwa: anwani hii ya IP, siku hii, saa hii, ilikuwa kwa mteja gani?

Ukikosa jibu la kwanza, la pili halipo. Na jibu la kwanza mara nyingi liko kwenye seva zilizo nje ya nchi, chini ya kampuni isiyo na ofisi Dar es Salaam.

Kwa nini namba siyo mtu

Hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Kuna mambo manne ya kuelewa.

*Namba moja, wateja wengi.* Anwani za IP za mfumo wa zamani zimeadimika duniani. Kampuni za simu hutumia mbinu ya kuwapitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja kwa wakati mmoja. Ukipeleka anwani peke yake, unaweza kurudishiwa orodha ya watu wasiojuana. Ili kumpata mmoja, unahitaji pia namba ya mlango uliotumika kwenye muunganisho na saa kamili mpaka sekunde.

*Saa.* Seva nyingi huandika kumbukumbu kwa saa za dunia, yaani UTC. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Halafu tuna saa zetu za Kiswahili. Faili lililopandishwa saa 3:14 usiku, kwa saa ya kompyuta ya hapa ni 21:14, na kwenye kumbukumbu ya seva ni 18:14. Mtu akichanganya sehemu moja tu ya hesabu hiyo, kampuni itatoa jina la mteja mwingine kabisa, na jina hilo litakuwa sahihi kwa swali lisilo sahihi.

*Waifai ya fremu.* Kwenye jengo la Kariakoo si ajabu kukuta wafanyabiashara kadhaa wamechangia ruta moja, na nenosiri analijua mpaka muuza chai. Mteja kwenye rekodi ni mmoja, yule aliyesaini mkataba. Aliyepandisha filamu anaweza kuwa yeyote kati yao, au mtu aliyekaa kwenye korido akisubiri mzigo.

*Laini ya nani?* Tangu usajili wa alama za vidole ukamilishwe Januari 2020, kila laini inatakiwa kuunganishwa na namba ya NIDA. Kwenye karatasi hiyo ni nchi ambayo kila bando lina jina. Mtaani, kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha shangazi, cha bosi, au cha mtu ambaye hana habari kabisa. Ndiyo maana ni vizuri kupiga *106# mara kwa mara kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Bado hatujagusa VPN, ambayo inaonyesha anwani ya seva ya katikati badala ya ya kwako. Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa kwa mamlaka hiyo. Anayepandisha kazi za wizi usiku hakuwa wa kwanza kupanga foleni.

Wenzetu wanamshtakije mtu asiye na jina?

Marekani wana jina la kubuni kwa ajili ya mdaiwa asiyejulikana: John Doe. Unafungua kesi dhidi ya John Doe mwenye anwani fulani ya IP, kisha unaiomba mahakama imwamuru mtoa huduma ataje mteja.

Njia hiyo ilishamiri baada ya 2003. Septemba mwaka huo kampuni za muziki chini ya chama chao, RIAA, zilifungua kesi 261 dhidi ya watu wa kawaida waliodaiwa kugawana nyimbo. Awali walitumia njia ya mkato, ambapo majina yalitolewa bila jaji kupitia ombi. Desemba 2003 mahakama ya rufaa ya Washington, katika shauri lililohusu kampuni ya Verizon, ikasema njia hiyo haiwahusu watoa huduma wanaopitisha data tu. Kuanzia hapo ikabidi kupita kwa jaji, kesi kwa kesi.

Makosa yalionekana mapema. Mmoja wa walioshtakiwa 2003 alikuwa mama mtu mzima aliyekuwa akitumia kompyuta ya Macintosh, wakati programu aliyodaiwa kuitumia ilikuwa haifanyi kazi kwenye kompyuta za aina hiyo. Kesi yake ikaondolewa.

Mwaka 2018 mahakama nyingine ya rufaa nchini humo, katika kesi ya filamu ya The Cobbler, ilisema kwamba kuwa mwenye laini ya intaneti peke yake hakutoshi kukufanya mkosaji. Mteja aliyeshtakiwa alikuwa anaendesha nyumba ya kulelea watu wazima, na intaneti yake ilitumiwa na wakazi na wageni. Ukiwaza gesti, hosteli au saluni yenye waifai ya wateja, unaelewa mara moja.

Uingereza walianza na kesi ambayo haikuhusu intaneti. Kampuni ya Norwich Pharmacal ilikuwa na hataza ya kemikali, ikagundua kuna watu wanaiingiza nchini bila idhini. Haikuwajua, ila Forodha iliwajua. Mwaka 1973 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikaamuru Forodha itaje majina. Msingi wake ni huu: mtu asiye na kosa, lakini ambaye kosa limepitia mikononi mwake, ana wajibu wa kumsaidia aliyeumizwa kwa kumtajia mhusika.

Amri za aina hiyo ndizo zinazotumika leo dhidi ya kampuni za intaneti. Lakini majaji walijifunza kuweka breki. Mwaka 2012, katika kesi ya Golden Eye dhidi ya kampuni ya O2, jaji wa London alikubali baadhi ya majina yatolewe, ila akaikataa barua ambayo wateja wangetumiwa wakidaiwa pauni 700 kila mmoja. Hofu ilikuwa wazi: mtu asiye na kosa angelipa tu ili aibu isimfikie.

India hawana John Doe. Mdaiwa asiyejulikana wanamwita Ashok Kumar. Na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Delhi ilitoa uamuzi ambao kila mwalimu wa tuisheni anayeuza notsi angependa kuujua. Mwalimu na mwandishi wa vitabu, Neetu Singh, alilalamika kwamba kazi zake zinasambazwa kwenye chaneli za Telegram. Telegram ilisema data yake iko Singapore na inabanwa na sheria za huko. Agosti 2022 mahakama ikaikatalia na kuamuru itaje wahusika. Telegram ikawasilisha majina ya waendeshaji wa chaneli, namba za simu na anwani za IP, vikiwa vimefungwa ndani ya bahasha ya mahakama.

Bahasha hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Majina yalikwenda kwa jaji na kwa wahusika wa kesi, hayakwenda mtandaoni.

Tanzania: milango miwili

*Mlango wa kwanza ni jinai.* Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, ina kifungu cha 24 kinachohusu kutumia kompyuta kukiuka haki za ubunifu. Kama hakuna biashara, adhabu ni faini isiyopungua Sh5 milioni au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Kama ni kibiashara, faini isiyopungua Sh20 milioni au jela isiyopungua miaka mitano, au vyote.

Kwa sababu ni kosa la jinai, polisi wanaweza kutumia kifungu cha 32 cha sheria hiyohiyo. Kinampa mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa ngazi kama yake, uwezo wa kumwamuru mtu yeyote mwenye data inayohitajika kwenye uchunguzi aitoe. Isome tena sentensi hiyo: amri inatoka kwa mkuu wa kituo. Kifungu hakitaki aanze kwa jaji.

*Mlango wa pili ni madai.* Hapa unadai fidia na amri ya zuio chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Shida inaanza kwenye karatasi ya kwanza. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya 7 kanuni ya 1, inataka hati ya madai itaje jina, maelezo na makazi ya mdaiwa kadiri yanavyoweza kufahamika.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ufa ambao wakili mbunifu anaweza kuuingilia. Sheria yetu ya mwenendo wa madai ina asili moja na ile ya India, na ni chini ya maneno kama hayo Ashok Kumar alizaliwa. Mahakama Kuu yetu pia ina mamlaka ya asili ya kutoa amri ili haki itendeke, na maamuzi ya Uingereza kama lile la 1973, ingawa hayaifungi, yanaweza kuishawishi. Kwa maneno mengine, mlango upo, ila huo si mlango wa kusukuma bila wakili.

Katikati ya milango hiyo kuna ukuta wa faragha. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya mawasiliano ya 2010 inawabana wafanyakazi wa kampuni za simu kutunza siri za wateja. Na tangu Mei 1, 2023 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yenye Tume yake. Ukimpa rafiki yako wa kampuni ya simu "ya soda" ili akuchungulizie jina, wewe na yeye mnatafuta kesi mpya kabla ya kufungua ya kwanza.

Kesi ya Kisutu inayotufundisha sote

Kipimo kikubwa cha kifungu cha 32 nchini hakikuhusu nyimbo. Kilihusu JamiiForums, mtandao ambao watu wengi huandika kwa majina ya kubuni.

Polisi walitaka taarifa za baadhi ya watumiaji. Mwaka 2016 kampuni inayouendesha, Jamii Media, ilikwenda Mahakama Kuu Dar es Salaam kupinga vifungu vya 32 na 38 vya sheria ya mtandao, ikisema vinakiuka Katiba. Machi 2017 ombi hilo lilikataliwa.

Kabla hukumu haijatoka, Desemba 13, 2016, mkurugenzi wake Maxence Melo alikamatwa. Siku tatu baadaye alipandishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Kati ya mashtaka yake yalikuwemo ya kuzuia uchunguzi, kwa maana ya kutotoa taarifa zilizotakiwa. Mwenzake, Mike Mushi, naye alishtakiwa.

Kesi zilikwenda kwa miaka. Moja waliachiwa Juni 2018. Katika nyingine, Aprili 2020, Melo alitiwa hatiani na kutakiwa kulipa faini ya Sh3 milioni au kwenda jela mwaka mmoja, na Mushi akaachiwa. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2019, Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, CPJ, ilimpa Melo tuzo yake ya kimataifa.

Mwenye wimbo ulioibiwa anaweza kusema: mimi hiyo inanihusu nini? Inakuhusu hivi. Amri ya kifungu cha 32 haina rangi mbili, moja ya mwizi wa filamu na nyingine ya mtu aliyeandika kuhusu kodi isiyolipwa. Ni karatasi ileile. Tukiipigia makofi bila kuuliza nani anaikagua inapomwangukia mwizi, tusishangae ikimwangukia mfichua maovu.

Hakimiliki ikigeuzwa rungu

Marekani kisa cha namna hiyo kimeshatokea. Akaunti ya Twitter isiyo na jina ilimkejeli tajiri mmoja na kuweka picha za mwanamke. Kampuni iitwayo Bayside Advisory ikajitokeza kudai hakimiliki ya picha hizo, na ikataka Twitter imtaje mwenye akaunti.

Juni 2022 jaji Vince Chhabria alikataa. Alipima mambo mawili: je, kweli kuna ukiukwaji wa hakimiliki, na je, madhara ya kumfichua mtu huyu ni makubwa kuliko hitaji la anayelalamika? Kampuni haikufaulu kipimo hicho.

Hicho ndicho kipimo ambacho mkuu wa kituo hatakiwi kukipita anapoandika amri yake. Jaji anauliza kwanza, jina linatoka baadaye. Jina likishatoka, hakuna rufaa inayoweza kulirudisha.

Njia fupi: shusha kazi, acha mtu

Wengi hawahitaji jina. Wanahitaji wimbo uondoke leo.

Sheria ya mtandao, kifungu cha 45, ina utaratibu wa kumtumia mtoa huduma taarifa ya kutaka maudhui yaondolewe. Unajitambulisha, unataja haki iliyokiukwa, unaonyesha maudhui yalipo na unachotaka kifanyike.

YouTube wana utaratibu wao, na una siri moja nzuri. Ukiripoti video na ikaondolewa, aliyeipandisha anaweza kupinga. Lakini ili apinge lazima atoe jina lake kamili na mawasiliano, na taarifa hizo zinakufikia wewe. Mwenye akaunti ya simba ana machaguo mawili: anyamaze video ibaki chini, au ajitaje mwenyewe. Akipinga, una siku 10 za kazi kuonyesha kwamba umefungua kesi, la sivyo video inaweza kurudi.

Kenya nao wamejaribu upande mwingine. Marekebisho ya sheria yao ya hakimiliki ya 2019 yaliweka utaratibu wa kuwataka watoa huduma waondoe maudhui ya wizi. MultiChoice Kenya ikazipeleka Safaricom na Jamii Telecommunications mahakamani ikitaka wazifunge tovuti zinazorusha mechi bila kibali. Hakuna aliyeulizwa jina la mtazamaji hata mmoja.

Kazi yako imeibiwa? Anza hapa

1. Thibitisha ni yako. Hakimiliki inazaliwa kazi inapoumbwa, Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994. Lakini cheti cha COSOTA kinaokoa mabishano mengi. Tunza pia mafaili ya studio, mikataba na tarehe.
2. Piga picha za skrini zenye maana. Kiungo kamili, jina la akaunti, tarehe, saa. Andika saa kwa mfumo wa saa 24 na utaje kwamba ni saa za Afrika Mashariki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama itaangalia kama unaaminika na haujachezewa.
3. Angalia pesa inapoingia. Chaneli inayouza filamu lazima ilipwe. Namba ya malipo kwa simu ina jina la usajili. Ni dalili nzuri ya kumpa mpelelezi au wakili, ingawa jina hilo nalo linaweza kuwa la ndugu au wakala.
4. Omba data itunzwe mapema. Kumbukumbu za seva hufutwa. Sheria ya mtandao inaruhusu amri ya kuhifadhi data wakati uchunguzi unaendelea, kwa hiyo usikae miezi ukilalamika kwenye magrupu.
5. Shusha kwanza, dai baadaye. Ripoti kwa mtandao husika, kisha amua na wakili kama unaenda polisi au mahakama ya madai.
6. Usianike mtu. Kuposti jina, picha au namba ya unayemshuku ni hatari. Ukikosea, mdaiwa utakuwa wewe.

Umepigiwa simu ukiambiwa ni wewe?

Tulia. Laini kuwa ya jina lako ni mwanzo wa maswali, haijawa hukumu.

Uliza wanaotafuta taarifa ni kina nani, kwa amri gani na chini ya kifungu gani. Omba tarehe na saa ya tukio, na uliza saa hiyo ni ya wapi. Usifute kitu kwenye simu, maana kufuta kunaweza kugeuzwa kosa lingine. Kama ruta ni ya fremu au nyumba yenye watu wengi, waorodheshe waliokuwa wakiitumia. Na kama mtu anataka umtumie pesa kwa simu "yaishe," huyo mtafutie polisi, kwa sababu hayo si mashauri ya mahakama.

Kwa wenye intaneti kafe na wanaogawa waifai kwa wateja: kanuni za maudhui ya mtandaoni zimewahi kuwataka wenye intaneti kafe kuweka kamera na rejista ya wateja. Ni usumbufu, lakini siku kesi ikija, daftari lile ndilo litakalosema nani alikaa kiti cha tatu saa 21:14.

Kinachobaki

Msanii ana haki ya kula jasho lake, na anayejificha nyuma ya picha ya simba kwa ajili ya kuuza jasho la mwenzake hana heshima ya kudai. Lakini Kariakoo ina watu wengi wenye picha za simba, na wengi wao hawajaiba kitu. Kazi ya mahakama ni kuwatofautisha kabla bahasha haijafunguliwa. Kwa sasa sheria yetu imeweka karatasi hiyo mezani kwa polisi. Wasanii, mawakili na wabunge wanaotaka hakimiliki iwe na meno wana kila sababu ya kudai pia ipitie kwa hakimu.